Presha vijijini tuitafute kwenye pakiti ya chumvi ya nusu kilo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Kila inapofika wiki ya kupima afya, wananchi huambiwa kwamba presha inaletwa na maisha ya mjini: kukaa ofisini, kupanda gari, chipsi na nyama choma. Mkulima anayeshika jembe tangu alfajiri akisikia maneno hayo anaona hayamhusu, na hatuwezi kumlaumu, kwa sababu habari yake yeye haijasemwa.

Katika kijiji cha Shari, wilayani Hai mkoani Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta kwamba kiasi cha mtu mzima mmoja katika kila watatu alikuwa na presha ya 140/90 au zaidi, ama alikuwa tayari anatumia dawa. Ilala ya Dar es Salaam, iliyopimwa katika utafiti huohuo, iliizidi Shari pale tu tofauti za umri zilipozingatiwa. Katika wenye presha hao, aliyejua hali yake hakufika mmoja kwa watano, na waliokuwa wameidhibiti hawakufika mmoja kwa mia. Miaka kadhaa baadaye, katika wilaya hiyohiyo ya Hai, walipimwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, na karibu saba katika kila kumi wakakutwa na presha. Hawa ni watu wa migombani.

Upo utafiti mwingine, wa mwaka 1990, ambao tungependa kila afisa lishe aujue. Wajaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi walifuatiliwa na kulinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Ndani ya miezi ya mwanzo tu, presha za waliohama zilikuwa zimeshapanda. Mkojo wao ulipopimwa, sodiamu ilikuwa imeongezeka na potasiamu imepungua. Kwa lugha ya jikoni, chumvi ilizidi sahanini huku majani, mizizi na matunda yakipungua. Siku hizi mtu hana haja ya kupanda basi ili apate mlo huo. Umemfuata kijijini kwa bodaboda, ndani ya maboksi ya dukani.

Ndiyo maana tunasema presha ya kijijini iangaliwe kwa kile mtu anachoweza kukipata, mwezi hadi mwezi. Wakati wa mvua, mchicha, mnavu, mgagani, majani ya kunde na ya maboga huota hata pembeni mwa njia. Ikifika Septemba au Oktoba, katika maeneo makavu kama Dodoma na Singida, bustani imekauka, na gulio liko mara moja kwa wiki. Siku sita zilizobaki mboga ni ile iliyoko dukani: dagaa, samaki wa chumvi, maharage yaliyokaa muda mrefu, na kidonge cha kiungo cha kuupa mchuzi ladha. Hata milima yenye mboga mwaka mzima haijasalimika. Kabichi, karoti na nyanya za Lushoto hupakiwa kwenye malori kwenda Dar es Salaam, na fedha yake inanunua sembe, mafuta, sukari na chumvi. Mahindi nayo yakikobolewa, kiini na ganda huenda kwa ng'ombe na kuku, na sehemu kubwa ya potasiamu ya punje huenda pamoja navyo. Familia inabaki na unga mweupe.

Tueleze kwa nini jambo hili lina pande mbili. Chumvi ikizidi mwilini, sodiamu yake hushika maji kwenye damu, na moyo unalazimika kusukuma mzigo mkubwa zaidi ndani ya mishipa ileile. Potasiamu hufanya kazi ya upande wa pili: huisaidia figo kuitoa sodiamu kwenye mkojo na huilegeza mishipa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kisu, na potasiamu isipungue gramu 3.5. Kijiji kinachoongeza chumvi na kupoteza mboga kwa pamoja kinaumia pande zote mbili.

Sasa kipimo ambacho hakihitaji maabara. Chukua pakiti ya chumvi ya gramu 500 na uandike tarehe juu yake siku unayoifungua. Nyumba ya watu watano, kila mmoja akila gramu 5, itatumia gramu 25 kwa siku, kwa hiyo pakiti itamalizika siku ya 20. Ikimalizika siku ya 10, kila mtu ana gramu 10. Hesabu hii ina kasoro zake: watoto wanastahili chini ya hapo, chumvi nyingine humwagwa na maji ya kuchemshia, na nyingine hupewa mbuzi. Tena haihesabu chumvi iliyofichwa kwenye vyakula vya dukani, ambayo huongeza juu. Hata hivyo, mama akishaiona tarehe ile kwa macho yake, mazungumzo hubadilika, kwani anaongea kuhusu pakiti yake.

Na hiyo ya kufichwa ni nyingi. Kidonge cha kiungo cha mchuzi, kile kidogo cha gramu 4, kwa kawaida zaidi ya nusu ya uzito wake ni chumvi. Kosa linalofanyika karibu kila jiko ni kutia vidonge viwili kwenye sufuria na bado kutia chumvi ileile ya siku zote. Anayetaka kutumia kidonge atumie kimoja, apunguze nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye sufuria hiyo, aonje, na asiongeze.

Magadi yanahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu watu wengi hawayahesabu kuwa chumvi. Yanatiwa kwenye mlenda, makande, kiburu na maharage. Gramu moja ya magadi safi ina sodiamu kiasi cha miligramu 300. Kijiko cha chai cha magadi kinakaribia robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi. Juu ya hayo, magadi huharibu vitamini B1 iliyomo kwenye maharage. Lakini kumwambia mama aache magadi bila kumpa njia nyingine ni kumwongezea safari ya kuni, kwa kuwa magadi hulainisha maharage haraka. Njia yenyewe ni hii. Loweka maharage jioni kwa saa 8 hadi 12, maji yawe mara tatu ya maharage. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mapya, chemsha kwa nguvu dakika 10 bila kupunguza moto, kisha funika na uache kwa moto mdogo. Chumvi itiwe yakishaiva. Mwenye kikapu kikubwa akitandike majani makavu ya migomba na blanketi kuukuu, baada ya dakika 20 za kuchemka aitumbukize humo sufuria iliyofunikwa vizuri na kuiacha saa tatu. Kinachobaki ni kuipasha moto hadi ichemke tena na kumalizia. Yakikataa kuiva hata hivyo, mara nyingi ni kwamba maharage ni ya zamani, yamekaa msimu mzima kwenye gunia mahali penye joto, na maharage ya namna hiyo huwa magumu. Ni bora kuyachagua mapema, ya zamani yaliwe kwanza, kuliko kuyapigania kwa magadi.

Kwenye samaki inabidi kutofautisha. Dagaa wa Mwanza kwa kawaida huanikwa juani bila chumvi, wakati dagaa wa Unguja huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na ng'onda hukaushwa kwa chumvi tangu mwanzo. Kabla ya kununua, lamba mmoja. Akiwa na chumvi, loweka kwenye maji mengi kwa nusu saa, mwaga, rudia mara tatu, kisha chemsha na umwage maji ya kwanza. Mchuzi wa samaki huyo usitiwe chumvi yoyote mpaka uonjwe ukiwa umeiva. Wapo wanaolowesha mara moja tu kwa dakika tano wakadhani wamemaliza. Chumvi ya ndani ya nyama haijatoka.

Kupunguza chumvi kwa ghafla hakufanikiwi. Siku ya kwanza chakula kinaonekana hakina ladha, mzee wa nyumba anadai kibweta cha chumvi, na siku ya tatu mambo yamerudi palepale. Punguza robo kwa wiki mbili, halafu robo nyingine. Ulimi huzoea baada ya wiki kadhaa, na mtu akirudi kwenye chakula cha zamani hukiona kikali. Kwa nyumba ya watu watano, tunashauri mpishi atoe kila asubuhi vijiko vitatu vya chai, avitie kwenye kikopo kidogo, na sufuria zote za siku hiyo zitoe humo. Vijiko viwili vinavyobaki kwenye hesabu ya vitano vitakuwa vimeingia kwa njia ya samaki, mkate, biskuti na viungo. Mwenye chumvi ya mawe aitwange kwanza, maana kijiko cha mabonge hakipimiki. Ukali uletwe na ndimu, ukwaju, embe bichi, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili, na uzito wa mchuzi uletwe na karanga au tui. Chumvi ya pembeni mwa sahani, ile ya kuchovya muhogo na nyama, iondolewe kabisa.

Tunasisitiza kwamba chumvi kidogo hiyo iwe yenye madini joto. Kuna watu wakisikia habari za presha hukimbilia chumvi ya kienyeji wakidhani ni salama zaidi. Sodiamu ni ileile, na wanapoteza kinga dhidi ya rovu. Itunzwe kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na moto na unyevu, na itiwe chakula kikikaribia kuiva ili madini yasipotee.

Tukija upande wa potasiamu, vyakula vyake viko mikononi mwa mkulima: viazi vitamu, ndizi, maharage, kunde, maboga, parachichi, mchicha, matembele, kisamvu, madafu kwa watu wa pwani. Kinachokosekana ni mboga ya miezi mikavu, na kuna mambo mawili yanayoweza kuiziba.

La kwanza ni bustani ya gunia. Chukua gunia la kilo 100. Changanya udongo ndoo mbili kwa ndoo moja ya samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi. Tafuta kopo kubwa lililotobolewa kitako, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze kokoto, na pembeni yake ujaze udongo. Kisha livute kopo juu, lijaze tena, na uendelee hivyo mpaka mdomoni, ili nguzo ya mawe ianze chini kabisa na kufika juu. Toboa pembeni matundu ya upana wa vidole viwili, umbali wa sentimita 15 hadi 20, na upandikize miche au vipande vya matembele. Maji hutiwa kwenye mawe, na hata yale ya kuoshea mboga na kusuuzia vyombo yanafaa yakiwa hayana sabuni nyingi. Mchicha huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Magunia mengi hufa kwa sababu zilezile: nguzo ya mawe imeishia katikati na miche ya chini ikakauka, matundu ni makubwa, udongo ukamwagika, gunia limeachwa chini wazi na kuku wakalimaliza. Liinuliwe juu ya mawe na lizungushiwe miiba au wavu.

La pili ni kukausha mboga wakati zipo nyingi. Wasukuma wana michembe na matobolwa ya viazi vitamu, na Wagogo wana mlenda mkavu, kwa hiyo hili halihitaji mtaalamu kutoka nje. Tunaongeza mambo matatu tu. Majani yapitishwe kwenye mvuke au maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili kabla ya kuanikwa. Yaanikwe kivulini penye upepo, kwani jua kali huua vitamini A. Na yasitiwe chumvi. Yakikauka hadi yavunjike mkononi, yafungwe mahali pasipopenya hewa; yakifungwa yakiwa bado yanajikunja, yataota ukungu ndani ya wiki chache, na yenye ukungu yatupwe.

Kwa mgonjwa wa figo, ushauri huu wa kuongeza potasiamu haumfai mpaka daktari wake aseme.

Kuna jambo moja lililo nje ya uwezo wa kaya, nalo ni aina ya chumvi inayouzwa. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa vijijini China, katika vijiji 600, kwa watu karibu 21,000 waliowahi kupata kiharusi au wenye umri wa miaka 60 na kuendelea wakiwa na presha. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa kloridi ya potasiamu na robo tatu chumvi ya kawaida. Katika miaka takriban mitano, kiharusi kilipungua kwa asilimia 14 na vifo kwa asilimia 12. Watu walipika vilevile, ila chumvi ndiyo iliyobadilishwa. Mwezi Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kupendekeza chumvi za namna hiyo kwa watu wazima, likiwaweka kando wajawazito, watoto na wenye maradhi ya figo. Tanzania ina mashamba ya chumvi Bagamoyo, Lindi na Mtwara. Tunaiomba Wizara ya Afya na Taasisi ya Chakula na Lishe wakae na wafungashaji waone chumvi hiyo, ikiwa na madini joto ndani yake na onyo kuhusu figo kwenye pakiti, itawezaje kufika duka la kijiji kwa bei inayokaribiana na ya sasa. Ikiishia kwenye maduka makubwa ya mijini haitamfikia anayeihitaji.

Mwisho, kupima. Zahanati nyingi za vijijini zina mashine ya presha, maana kliniki ya wajawazito haiendi bila hiyo. Bibi aliyemsindikiza mjamzito anakaa kwenye benchi saa mbili, mashine iko hatua tano kutoka alipo, na anarudi nyumbani bila kupimwa. Tena kila miezi mitatu kuna Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, watoto wanapopimwa na kina mama wanafundishwa mlo. Wazazi na mababu wamefika wenyewe. Tunazishauri halmashauri ziweke mashine mbili za presha kwenye siku hiyo, pamoja na betri za akiba na mikanda ya saizi mbili. Mkanda wa kawaida unafaa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Ukifungwa kwenye mkono mnene, unasoma presha kubwa kuliko iliyopo.

Kupima vibaya kuna hasara kubwa kuliko kutopima. Mtu aliyepanda mlima kilomita tano hapimwi mlangoni. Akae dakika tano kwenye kiti chenye egemeo, miguu ikanyage chini bila kupishana, awe amekwenda haja ndogo, asiwe ametoka kuvuta sigara au kunywa kahawa ndani ya nusu saa, mkono uwe wazi na uegemezwe usawa wa moyo, na mpimaji asimsemeshe. Apimwe mara mbili, katikati dakika moja au mbili. Akiwa na 140/90 au zaidi, arudiwe siku nyingine kabla ya kuambiwa ana ugonjwa. Akifika 180/110 na ana maumivu ya kifua, upande mmoja umelegea, anahema kwa shida au haoni vizuri, aende hospitali siku hiyohiyo. Kiharusi kinachoanza hakisubiri mganga wa kienyeji.

Na walioanzishiwa dawa wapewe za miezi miwili au mitatu pale hali zao zikiwa zimetulia, kwa sababu nauli ya kufuata vidonge vya mwezi mara nyingi inazidi bei ya vidonge, na mtu akikosa nauli anaacha. Presha haiumi, kwa hiyo hakuna kitakachomkumbusha. Chai ya choya, mlonge na kitunguu saumu avitumie akipenda, na vidonge viendelee palepale.

Kwenye daftari la Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji iongezwe basi safu mbili za presha kwa ajili ya mtu mzima aliyemleta mtoto, namba ya juu na ya chini, na ya tatu ya kuandika pakiti ya chumvi nyumbani kwake huchukua siku ngapi.

Ni sisi,
Wahudumu wa lishe na afya ya jamii,
Mkoa wa Tanga